Nguzo Tatu za Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Mnajibu kama watu walioshiba sana. Haya, sogeeni.

Hapo zamani za kale, Ngiri alikuwa akila amesimama, kama wanyama wote. Alikuwa fundi wa nyumba, tena fundi mwenye maneno mengi. Mafuriko yalipobomoa nyumba ya mkwewe, Bi Sikudhani, mama yule akawa analala kichakani, na masika yanakaribia. Ngiri akaapa mbele ya ukoo mzima kwamba kabla ya mvua mkwewe atalala ndani.

Sasa kwao palikuwa tope tupu. Nyumba ya topeni haisimami mpaka uzamishe nguzo ndefu, uzigongelee hadi zifike mwambani, ndipo ujenge juu yake. Ngiri akamwita rafiki yake Kiboko. Kiboko akainua gogo, akagonga. Ndani ya tope nguzo ilisema du, du, du. Ilipofika mwambani ikasema ta! Wakaenda hivyo mpaka nguzo ya tisa.

Zikabaki tatu, na kila zikigongwa zilisema du tu, vichwa vyake bado viko juu ya zile nyingine. Wingu likatanda. Ngiri akamwambia Kiboko aende akale, yeye atamalizia. Kiboko alipogeuka, Ngiri akazikata vichwa kwa meno yake, zikalingana na zile tisa. Nani angejua?

Kiboko akarudi.

"Ya kumi imegonga mwamba?"

"Imegonga."

"Ya kumi na moja imegonga?"

"Imegonga."

"Na ya mwisho?"

"Nayo imegonga."

Bi Sikudhani akahamia kwa vigelegele. Mvua ikanyesha. Chungu kikateleza jikoni, maboga yakabingirika hadi pembeni, na mama kila akisimama anayumba. Ngiri alipokwenda kumwamkia, alimkuta amejifunga kitambaa kichwani, anakunywa shubiri.

"Nisamehe, mwanangu," mama akasema. "Nyumba yako nzuri, ila uzee umeniingia kichwani. Naona sakafu imelala upande."

Yarabi, Ngiri alitamani ardhi immeze! Akaaga, akaenda zake. Kesho yake akarudi, akamkuta anakunywa shubiri. Siku ya tatu, shubiri. Hapo akapiga magoti.

"Mama, huumwi. Ni nyumba iliyolala. Nguzo tatu hazikugonga, nami nilijua."

Bi Sikudhani akaweka kikombe chini. Kikateleza chenyewe hadi ukutani, wote wawili wakikitazama.

"Siku tatu nimekunywa shubiri," akasema, "na wewe unaniona."

Hakumfukuza. Afadhali angemfukuza.

Ngiri akamwendea Kiboko, akaungama. Wakaitegemeza nyumba kwa magogo, wakazamisha nguzo nyingine ndefu zaidi. Safari hii Ngiri alipiga magoti kwa kila nguzo, sikio topeni, mpaka asikie ta. Nyumba ikasimama sawasawa. Bi Sikudhani akampakulia chakula kama zamani, hakulitaja tena neno lile. Lakini Ngiri kila akitaka kula amesimama mbele yake, aibu inamkunja miguu ya mbele.

Hadithi yangu imeishia hapo alipopiga magoti. Nendeni mkamwangalie akila, hajainuka mpaka leo.