Ndama wa Namsifu na Neno Euthus

Hapo zamani, ninyi mnaocheka kabla sijaanza, kule milimani Upare, mwinjilisti Senkondo alirudi kutoka chuo cha Biblia na neno la Kigiriki: euthus.

"Marko analipenda," akahubiri. "Maana yake ni mara hiyo hiyo. Wavuvi waliitwa, wakaacha nyavu euthus."

Kijiji kikapagawa. Chai iletwe euthus. Posa ijibiwe euthus. Hata mabibi wakawa wanatembea upesi upesi, wakicheka wenyewe.

Jumapili ya mavuno, katikati ya ibada, mjane Namsifu akasimama mlangoni na tope hadi kiunoni.

"Ng'ombe wangu anazama kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Ana mimba, na sina mwingine. Atakayeniitikia euthus, ndama ni wake."

Kijana mmoja, Mrutu, akaruka nje kupitia dirishani. Akafika wa kwanza, mikono mitupu, akajitosa na kuinua pua ya ng'ombe juu ya tope. Zaidi ya hapo hakuweza.

Muumini mwingine, Elinipa, akamfungua kwanza mbuzi wa mnada wa mavuno, akachukua kamba yake, akakimbia. Mbuzi naye akaanza kula kabichi za sadaka.

Kiondo, mwalimu wa kwaya, akangoja sala ifike Amina. Kisha akaja na kwaya nzima, majoho yakipepea. Wakavuta kamba kwa wimbo, waimbaji wa sauti ya nne, ile nzito, wakiteleza na kukaa topeni.

Ng'ombe akatoka. Akazaa pale pale ukingoni. Namsifu akalia na kucheka kwa pamoja.

"Ndama ni wangu," akasema Mrutu. "Mimi sikungoja kitu. Bila mimi mngevuta mzoga."

"Ulikwenda kumshika pua tu," akasema Elinipa. "Kuitika ni kuja na cha kusaidia. Bila kamba mngemwimbia tu."

"Na kamba yako ingevutwa na nani?" akauliza Kiondo. "Mimi niliitika moyoni mara hiyo hiyo. Miguu ilimalizia sala kwanza."

Namsifu akageuka. "Mwinjilisti, neno ni lako. Yupi aliitika euthus?"

Senkondo akajibu, "Mama, nipe wiki moja nitafakari."

Watu wakacheka mpaka ng'ombe akashtuka.

Basi, wasikilizaji wangu, Namsifu amemshika ndama na anataka kumtoa leo. Je, ampe nani?