Zawena Aliyekataa Zamu

Paukwa!
Pakawa!
Walio karibu?
Tunasikia!
Walio mbali?
Tunasogea!
Basi sogeeni, mbanane, moto unatutosha sote.

Hapo kale, mawe yalipokuwa bado laini, paliishi ukoo wa nguchiro ndani ya kichuguu. Kazi yao ilikuwa kuchimbua mende na mabuu kutwa nzima. Na walikuwa na desturi: wengine wakichimba, mmoja hupanda juu ya kichuguu kumtazamia mwewe, huku akiimba:

Chii, chii, kuleni, nipo!
Juu kweupe, kuleni, nipo!

Wimbo ukisikika, vichwa chini. Wimbo ukikatika, wote shimoni.

Humo alikuwamo Zawena, msichana mwenye kucha kali kuliko wote. Zamu yake ilipofika, akakataa.

"Nachimba kuwashinda nyote. Nikae juu niimbe, ninyi mle? Kucha zangu, tumbo langu!"

Shangazi yake, Mize, akasema, "Mwanangu, sote tunapanda."

"Pandeni. Mimi nahama."

"Mwacheni, Shangazi," binamu zake wakacheka. "Anakwenda kuolewa na tumbo lake!"

Zawena akahamia ng'ambo ya korongo, kwenye kichuguu kitupu. Mende walijaa, wanono, wote wake. Akakwaruza mara moja. Mwewe? Akainua kichwa: wingu tu. Akakwaruza tena. Mwewe? Akainua kichwa: jani tu. Akakwaruza tena, akasikia mvumo, akajitupa shimoni. Ulikuwa upepo. Alipotoka, mende amekwenda zake.

Ikawa hivyo asubuhi, ikawa hivyo mchana, ikawa hivyo jioni. Chakula tele, na Zawena anakonda, mbavu nje. Hapo akaelewa. Kucha zilikuwa zake kweli, lakini ile amani ya kuinamisha kichwa alikuwa akipewa na wenzake.

Akarudi kwao. Binamu wa kwanza akamnusa. "Nani wewe?"

"Ni mimi, Zawena."

"Zawena ananukia sisi. Wewe unanukia wewe."

Maana nguchiro husuguana kila alfajiri, mpaka ukoo mzima una harufu moja. Asiye na harufu hiyo ni mgeni, na mgeni haingii shimoni.

Binamu wa pili akamnusa. "Unanukia wewe. Pita zako."

Shangazi Mize akamnusa, akanusa tena, machozi yakamlenga. "Sauti naijua, mwanangu. Harufu siijui."

Zawena hakubisha. Akapanda juu ya kichuguu bila kuitwa, akaimba:

Chii, chii, kuleni, nipo!
Juu kweupe, kuleni, nipo!

"Jamani, sauti kama mlango mbovu!" binamu wakacheka. Lakini vichwa vikainama, mmoja baada ya mwingine.

Jua likapanda. Njaa ikamuuma. Mende akampita miguuni. Zawena hakumtazama, macho yake yalikuwa juu. Ndipo mwewe akachomoza upande wa jua.

"Mwewe!"

Nguchiro wote wakakimbilia shimoni. Mlango ulikuwa chini ya miguu yake, angeweza kuwa wa kwanza kuingia. Hakuingia. Akasimama akipiga kelele, mwewe amtazame yeye, mpaka mtoto wa mwisho alipoingia. Kucha za mwewe zikanyofoa manyoya ya mkia wake. Hapo Shangazi Mize akatoa kichwa, akamng'ata ukosi, akamvuta ndani.

Mwewe akatua mlangoni, akangoja mpaka jioni. Ndani wakabanana, mbavu kwa mbavu, mgongo kwa tumbo, Zawena katikati yao, manyoya yakisuguana.

Mwewe alipochoka akaruka, wakatoka. Binamu wa kwanza akamnusa Zawena. Akamnusa tena.

"Vipi?" akauliza Shangazi Mize.

"Ni wetu huyu," akasema binamu. "Ila kuimba afundishwe!"

Hadithi imeingia shimoni, nami nafunga mlango. Mwenye kucha kali asijisifu kwa shibe yake mpaka ajue nani alikuwa akimtazamia juu. Mimi mwenyewe nilikwenda kumpa pole kwa ule mkia, ila nguchiro waliponinusa, wakanifukuza. Ndiyo maana niko hapa nanyi.