Aliyetwanga Kabla Vita Havijaisha

Hapo zamani, enzi ambazo wazee wa baraza walikuwa na ndevu ndefu kuliko kumbukumbu zao, nchi ya Usimbi ilipigana na majirani kwa sababu ya kilima. Kilima chenyewe hakikuwa na maji, wala malisho, wala chumvi. Kilikuwa na mawe. Vijana wakapandishwa kuyalinda.

Kila asubuhi baraza lilijadili kama warudi. Mmoja akasema, "Wakirudi, waliokufa watakuwa wamekufa bure." Wa pili akasema, "Wasiporudi, watakaokufa kesho je?" Wa tatu akaomba wakubaliane kwanza kurudi ni nini. Wakala, wakasinzia, wakaahirisha.

Mjini aliishi mjane, Kalunde. Mwanawe wa pekee, Shija, alikuwa kilimani. Na Usimbi walikuwa na mwiko: vijana wakiwa vitani, kinu hakitwangwi. Wanawake walisaga juu ya jiwe, kimya, mpaka baraza litangaze amani. Hapo ndipo vinu vililia mji mzima, na jeshi likisikia, linashuka. Atakayetwanga kabla, anafukuzwa nchini.

Siku moja zililetwa machela mbili za waliokufa kilimani, zimefunikwa. Kalunde akafunua ya kwanza. Si Shija. Akafunua ya pili. Si Shija. Akajikuta amefurahi, mbele ya mama zao.

Aibu ile ikampeleka moja kwa moja barazani.

"Wazee wangu, vijana wanarudi lini?"

"Mama Shija, suala hilo liko mbele yetu."

"Liko mbele yenu tangu tunapanda mtama. Sasa tumevuna."

"Mambo ya nchi hayataki haraka, mama."

"Mbona uji mnautaka haraka?"

Akarudi kwake, akakitoa kinu uani, akakisimamisha katikati ya njia. Du! Du! Du!

Jirani akaja mbio. "Wee Kalunde, una wazimu? Watakufukuza!"

"Na wanifukuze. Lete mchi wako, au nipishe."

Jirani akaleta mchi. Kabla jua halijapanda, mji mzima ulikuwa unatwanga.

Kule kilimani, jemadari Mihayo akasikia. Alijua ni uongo: amani ya kweli hutanguliwa na tarishi wa baraza, na tarishi hakuonekana. Alijua pia kwamba jemadari anayeondoa jeshi bila amri hukatwa kichwa.

"Jemadari, umesikia?" wakamuuliza.

"Kwani mimi sina masikio? Fungeni mizigo."

Lakini adui walikuwa karibu, na migongo inayoshuka ni shabaha rahisi. Shija akachukua mishale. "Nyinyi tangulieni. Mimi nabaki kwenye upenyo huu wa mawe."

"Shija, mama yako hana mwingine," Mihayo akasema.

"Basi mwambie nakuja. Usimwambie lini."

Akarusha mshale huku, akahamia kule, akapiga kelele kama watu ishirini, mpaka wenzake wote wakavuka bonde. Alifika nyumbani kesho yake, akijikokota. Mguu mmoja haukukanyaga tena.

Baraza likakutana upesi, upesi wa ajabu. Lilipoona njia zimejaa vijana wenye mikuki, likakumbuka kwamba lilikwisha kuamua warudi, tena kwa kauli moja. Mtemi, mtawala wa Usimbi, akacheka. Akaweka kigoda kimoja kipya barazani, cha yule aliyewarudisha vijana.

Mihayo akasimama. "Kinu ni sauti tu. Mimi nilijua ni uongo, nikaweka shingo yangu."

Shija akasema kutoka mkekani, "Amri haizuii mishale, jemadari. Ningeshuka nanyi, mngerudi kwa machela."

Kalunde akainua viganja vilivyochubuka. "Nisingetwanga, mngekuwa bado mnalinda mawe. Kigoda nipeni mimi. Nataka niwepo siku hawa watakapotamani kilima kingine."

"Mama, unashindana na mimi?"

"Nashindana! Mguu wako umeniuma mimi kuliko wewe, lakini kigoda nakitaka."

Mtemi akawatazama watu, na watu wakaanza kubishana, na mpaka leo hawajamaliza. Basi tusaidieni nyinyi mliokaa hapa: mmoja alivunja mwiko, mmoja alitii uongo akijua ni uongo, mmoja alibaki nyuma wenzake wakirudi. Kigoda ni kimoja. Je, nani alistahili kukikalia?