Bibi Nakijwa Atajwa Katika Nyumba Tatu

Hapo zamani, enzi ambazo kodi ililipwa kwa mahindi, asali na mifugo, palikuwa na nchi ya milimani iliyotawaliwa na mfalme mpenda utaratibu. Sheria yake ya kodi ilikuwa hivi: chochote mtu alichochuma, fungu la mfalme lilikatwa papo hapo, sokoni au shambani. Lakini baada ya mavuno kila mwenye nyumba alitakiwa afike barazani aeleze mbele ya karani: mwaka huu nimechuma hiki, nimetumia hiki kwa kazi yangu, nawatunza hawa. Karani akapiga hesabu. Aliyekatwa pungufu akaongeza. Aliyekatwa kupita kiasi akarudishiwa. Asiyefika hakupata kitu, na faini juu.

Katika nchi hiyo aliishi Bibi Nakijwa, mjane mwepesi wa kucheka. Alizaa watoto watatu. Wa kwanza alifariki, akaacha mke aliyeitwa Niendiwe na watoto wadogo. Wa pili alikuwa Kajiru, mwuza majembe huko tambarare. Wa mwisho alikuwa binti, Kunda, mfinyanzi wa vyungu.

Basi uzee ukamwingia Bibi Nakijwa. Macho yakaingia ukungu, jembe likamshinda. Niendiwe akaja akasimama mlangoni.

"Mama, funga mzigo, twende kwangu."

"Mume wako hayupo tena, mwanangu. Huna lazima na mimi."

"Najua sina. Funga mzigo."

Akaenda naye. Niendiwe akamwogesha, akampikia, akamshika mkono kwenda uani na kurudi. Mama mkwe akiita, Niendiwe huitika. Akikohoa, Niendiwe huamka.

Kajiru aliposikia mama yake yuko kwa shemeji, hakukaa kimya. Kila mwezi punda wake alipanda mlima na mahindi, maharage, nyama kavu na mafuta. Baridi ilipozidi, akapeleka blanketi. Hakuna tonge lililoingia kinywani mwa Bibi Nakijwa ambalo halikutoka kwa Kajiru. Ila yeye mwenyewe hakufika. Biashara ilimbana.

Kunda naye akasikia kwamba ng'ambo ya tambarare yuko mganga anayeondoa ukungu wa macho. Akaacha udongo wake ukakauka, akawaacha wateja wake wakaenda kwa wafinyanzi wengine. Akamshika mama mkono, wakatembea. Mama akichoka, Kunda humbeba. Wakakaa kwa mganga mpaka macho yakapona, wakarudi. Mwaka mzima Kunda hakuchoma hata chungu kimoja, ila vile vichache alivyouza kabla ya safari.

Siku aliyorudi, Bibi Nakijwa alikaa kibarazani kwa Niendiwe akitazama. Alitazama kuku. Alitazama moshi. Aliwatazama wajukuu mmoja mmoja, akawa anacheka peke yake. Alijiona ana mali kuliko mfalme.

Sasa ikafika mavuno. Kunda akaenda barazani kuuliza habari za kodi, maana wengi waliiogopa sheria ile bila kuijua. Karani, mzee mpole, akamweleza: "Nyumba inayomtunza mzee asiyeweza kulima hupunguziwa kodi. Kwa mzee mmoja, mtamba mmoja wa ng'ombe hurudishwa."

"Hiyo si kuomba sadaka?"

"Si sadaka, binti yangu. Ni haki yako. Usipoisema, sisi hatutaijua."

Kunda akafurahi, akaandikisha jina la mama. Akamwambia Niendiwe habari hiyo, akampelekea na Kajiru salamu: sheria iko hivi, msikose kufika barazani. Niendiwe akaenda, akaandikisha jina la mama mkwe. Kajiru akaiacha biashara yake, akapanda mlima, akaandikisha jina la mama. Kila mmoja alisema kweli, na kila mmoja alidhani jina la mama ameliandikisha yeye tu, wenzake wamekwenda kwa hesabu zao nyingine.

Karani alipopitia hesabu, akamkuta Bibi Nakijwa katika nyumba tatu. Akawaita wote, na bibi mwenyewe akaja.

"Sioni mwongo hapa," karani akasema, "kwa hiyo simtozi mtu faini. Lakini sheria inasema mzee mmoja, nyumba moja, mtamba mmoja. Semeni."

Niendiwe akaanza. "Mimi nilimlaza. Mimi nilimwogesha. Hawa ni watoto wake, wana wajibu. Mimi sheria hainilazimishi, nilimchukua kwa moyo. Na watoto wangu hawana maziwa."

Kajiru akasema, "Shemeji, sikukanushi. Lakini mimi nilimlisha. Mimi nilimvisha. Ungemlaza na nini tumboni? Tena mtamba huyo ametoka katika majembe yangu. Kodi iliyokatwa zaidi ni yangu."

Kunda akasema, "Kaka, ulitoa katika ulichonacho, na Mungu akuzidishie. Mimi nilitoa kazi yenyewe. Wateja wangu hawajarudi mpaka leo. Mimi nilimwongoza. Mimi nilimbeba. Na habari ya mtamba, ni nani aliyewaletea?"

Karani akakohoa. "Ila wewe Kunda, mwaka huu umekatwa kidogo mno. Vyungu ulivyouza havifiki hata mguu wa mtamba. Nitakurudishiaje nisichokukata?"

"Nimekatwa kidogo kwa sababu nilikuwa njiani na mama! Angekuwa amekaa kipofu, ningekatwa kodi nzuri tu."

Watu wakaguna. Karani akakuna kichwa. Akamgeukia Bibi Nakijwa.

"Bibi, wewe ndiwe unayejua. Nani anakutunza?"

Bibi Nakijwa akamtazama Niendiwe. Akamtazama Kajiru, ambaye hakuwa amemwona kwa muda mrefu, akaona mvi zimeanza kumwota. Akamtazama Kunda, viatu vyake vimelika kwa safari. Alikuwa ameingia barazani na hofu kwamba wanawe watagombana kwa ajili yake. Sasa aliona wamekaa mkeka mmoja, na Kajiru anampisha shemeji yake mahali penye kivuli. Hofu ikamtoka.

"Nikilala, nalala kwa Niendiwe," akasema. "Nikila, nakula kwa Kajiru. Nikitazama, natazama kwa Kunda. Mnaniambia niseme nitaacha kulala, au kula, au kutazama? Siachi hata kimoja. Vyote vitamu." Akacheka, na wanawe wakacheka pamoja naye, na karani hakujizuia.

Lakini hesabu haifungwi kwa kicheko. Karani akaipeleka kesi kwa mfalme. Mfalme akaisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sheria niliiandika mimi, na neno 'anayemtunza' niliona liko wazi. Kumbe halikuwa wazi. Waulizeni watu wa nchi hii."

Mtamba akafungwa nje ya baraza kungoja jibu. Niendiwe anampelekea maji, Kajiru anampelekea chumvi, Kunda anamkatia majani. Na Bibi Nakijwa yuko kibarazani, anawatazama wakipita.

Sasa jamaa, mmeombwa hukumu. Yupo aliyempa paa bila kulazimika, yupo aliyempa kila tonge na kulipa kodi kubwa, yupo aliyeacha kazi yake akampa macho. Mtamba ni mmoja na jina huandikwa katika nyumba moja. Je, nani alistahili?