Nyayo za Chai

Hapo zamani za kale, kale ile ambayo hata babu wa babu yangu aliisikia kwa kuhadithiwa tu, wanyama walikuwa na miji, miji ilikuwa na Mabaraza, na Mabaraza yalikuwa na vikao visivyokwisha. Sogeeni karibu. Wewe hapo, kunja miguu, mwenzako apate pa kukaa.

Mji mmojawapo uliitwa Majabalini. Katikati yake palikuwa na miamba, na juu ya miamba hiyo palikuwa na soko la wanyama wadogo. Kobe alishona viatu hapo. Kanga aliuza mtama, yeye na dada zake, kelele tupu kutwa nzima. Na kwenye mwamba wa katikati, uliokuwa bapa kama sinia, Mama Pimbi alipika uji wa ulezi.

Pimbi mnamjua? Ni mnyama mdogo tu, wa kimo cha sungura, na hana mkia. Mama yake alipika uji juu ya mwamba uleule, na bibi yake vilevile, kwa mafiga yaleyale matatu. Chini ya mwamba kulikuwa na pango, na humo ndimo walimolala watoto wake wanne. Kumwambia Pimbi ahame pale ilikuwa sawa na kumwambia atoke ndani ya ngozi yake.

Kuhusu ule mkia, ukoo wao una maneno. Wanasema siku mikia ilipogawiwa, babu yao aliona manyunyu nje, akawaambia majirani, "Nendeni tu, wangu mtaniletea." Majirani wakarudi, kila mmoja na mkia wake mwenyewe. Asiyekuwapo na lake halipo! Tangu siku hiyo hakuna pimbi aliyekosa mkutano, hata uwe wa kupanga harusi ya watu asiowajua.

Basi asubuhi moja ilipigwa mbiu. Buuu! Buuu!

"Wananchi wa Majabalini! Katikati ya mji patajengwa upya! Baraza linawaita nyote mje mtoe maoni!"

Mama Pimbi akafunika chungu, akajifunga kanga, akawa wa kwanza kufika ukumbini.

Mlangoni alisimama Karani Korongo, miguu myembamba, shingo ndefu. Mbele yake palikuwa na sinia ya udongo mwekundu uliolowa, na karatasi ndefu kama mkeka.

"Kanyaga kwenye udongo, Mama, halafu kanyaga kwenye karatasi."

"Ya nini?"

"Mahudhurio tu. Tujue tupike chai ya watu wangapi."

Pimbi aliona kwamba sehemu ya juu ya karatasi ilikuwa tupu. Aliiona vizuri kabisa. Lakini harufu ya maandazi nayo ilikuwa imeshamfika puani, na nyuma yake Kanga na dada zake walikuwa wanasukuma. Akakanyaga. Pwa! Nao wakakanyaga, pwa-pwa-pwa! Wa mwisho akafika Mzee Kobe, akakanyaga taratibu.

Mheshimiwa Tembo, Meya wa mji, akasimama. Sakafu ikalia gudugudu.

"Wananchi wenzangu! Mji wetu umebanana. Mimi nikipita sokoni inanibidi nishike pumzi. Diwani Nyati hapa ameangusha meza mpaka anaona haya. Tunataka barabara pana, itoke ukumbini hadi mtoni, ipite katikati kabisa. Ile miamba itaondolewa. Lakini sheria inasema tusijenge kitu kabla ya kuwauliza wananchi. Na sisi, je, hatuwaulizi?"

"Mnatuuliza!" wakaitikia wenye maandazi mdomoni.

"Kila mmoja atasema kwa muda wa mwayo mmoja wa Diwani Kiboko. Akishafunga mdomo, zamu imekwisha."

Kanga akasimama, akapiga kelele tangu Kiboko anafungua kinywa hadi anakifunga.

"Limepokelewa," akasema Tembo.

Pimbi akasimama. "Waheshimiwa, mimi sina ugomvi na barabara. Nauliza tu, sisi wa pale juu tutakwenda wapi?"

"Limepokelewa."

"Nimeuliza swali, Mheshimiwa."

"Na swali limepokelewa."

Mzee Kobe naye alikuwa ametoka kiti cha nyuma, anakuja mbele, kacha, kacha, kacha. Alipofika, Kiboko alikuwa ameshafungua kinywa.

"Waheshimiwa," akasema Kobe, "mimi naona kwamba..."

"Aaaa-uuuh!" Kiboko akafunga mdomo.

"Muda umekwisha, mzee wetu. Limepokelewa."

"Sijalisema bado."

"Limepokelewa hivyohivyo. Karibu chai."

Wakanywa chai. Ilikuwa na tangawizi, siwezi kusema uongo. Wakarudi sokoni wakisifu maandazi.

Wiki ya pili Pimbi aliamka akakuta mwamba wake umepigwa alama nyekundu, mistari miwili iliyokatana. Kibanda cha Kobe alama. Meza ya Kanga alama. Na kwenye mti wa sokoni kulikuwa na tangazo: WANANCHI WAMERIDHIA KWA NYAYO ZAO. MIAMBA ITAVUNJWA BAADA YA SIKU SABA.

Pimbi akakimbia hadi ofisini kwa Karani Korongo. Ile karatasi ndefu ilikuwa imetundikwa ukutani. Pale juu palipokuwa patupu sasa paliandikwa: Sisi wenye nyayo hapa chini tumeridhia miamba ivunjwe.

"Karani! Hizi ni nyayo za chai!"

"Unyayo ni unyayo, Mama Pimbi. Kanuni ya Baraza inasema, aliyekanyaga karatasi ameridhia kilichoandikwa juu yake."

"Nilipokanyaga hakikuwa kimeandikwa!"

Korongo akageuza shingo upande. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa karani. "Kuandikwa, kimeandikwa," akasema polepole. "Kanuni haisemi lini."

Pimbi alirudi bila kukimbia. Alikuwa na huzuni, na zaidi ya huzuni alikuwa na aibu, maana unyayo ule mdogo wa kwanza kabisa ulikuwa wake, na hakuna aliyemshika mguu. Ukoo mzima ulimfundisha asikose mkutano. Hakuna aliyemfundisha kwamba mtu anaweza kuhudhuria na bado asiwepo. Akakaa kando ya mafiga ya bibi yake, akayatazama mpaka moto ukafifia.

Mzee Kobe akaja akaketi karibu naye. Ilichukua muda.

"Mama Pimbi," akasema, "mimi naona kwamba..."

"Kanuni haisemi lini!" Pimbi akaruka juu. "Mzee! Wewe unajua kuandika, sivyo?"

"Najua. Ila mwandiko wangu hauna haraka."

"Hautaihitaji. Njoo nikunong'oneze."

Kesho yake Pimbi alikwenda ukumbini, akapiga magoti mbele ya Meya.

"Mheshimiwa, sisi wa miambani tunahama. Yaliyopita si ndwele. Lakini hatuwezi kuondoka bila kuagana. Tunaomba Baraza zima lije Ijumaa, saa nne asubuhi, tuwapikie uji wa kwaheri."

Tembo akatikisa masikio kwa furaha. "Mnaona?" akawaambia madiwani. "Mwananchi akielimishwa, anaelewa!"

"Uji una sukari?" akauliza Kiboko.

"Una sukari, una maziwa, una ukwaju."

Ijumaa ikafika. Mji mzima ulikuja kutazama. Waheshimiwa wakapanda miambani kwa kubanana, Tembo mbele, Kiboko katikati, Nyati nyuma, na Karani Korongo na kalamu yake. Penye njia ya kuingilia alisimama Kanga, sinia ya udongo mwekundu kushoto, karatasi ndefu kulia, juu yake patupu.

"Ya nini hii?" akauliza Tembo.

"Mahudhurio tu, Mheshimiwa," akajibu Kanga, macho chini. "Tujue tupike uji wa watu wangapi."

"Ah! Utaratibu mzuri huo. Mmejifunza kwetu."

Puu! akakanyaga Tembo. Puu! Kiboko. Puu! Nyati. Kanga akaikunja karatasi kwa adabu, akaipeleka nyuma ya mwamba, kwa Mzee Kobe.

Pimbi akaanza kumimina. Kata moja, mbili, tatu. Halafu akapita nyuma ya mwamba upesi.

"Mzee, umefika wapi?"

"Nimemaliza 'Sisi'."

Akarudi mbio. "Waheshimiwa, ongezeni, ongezeni! Diwani Kiboko, hujanywa kitu wewe!" Akakoka moto, akapika chungu kingine. Akapita tena nyuma.

"Na sasa?"

"Naingia kwenye 'waheshimiwa'. Ni neno refu."

Loo! Jasho likamtoka Pimbi. Akawaambia dada zake Kanga wacheze ngoma. Wakacheza. Wakacheza tena. Ulezi ukafika chini ya gunia. Kiboko akafungua kinywa kupiga mwayo, na Pimbi akamwaga uji humo, gubu-gubu-gubu! Tembo akaanza kujinyoosha ainuke.

"Nimeweka nukta," ikasema sauti nyuma ya mwamba.

Pimbi akashusha pumzi. Akaileta karatasi, akampa Korongo kwa mikono miwili. "Karani, tusomee. Wewe ndiye mwenye sauti ya kazi hii."

Korongo akavaa miwani, akasoma kabla hajafikiri: "Sisi waheshimiwa wenye nyayo hapa chini tumeridhia Ukumbi wa Baraza uvunjwe, bwawa la Kiboko lifukiwe, na Tembo ahamie ng'ambo ya mto."

Hata Kanga na dada zake walinyamaza, na hilo halijapata kutokea tena.

"Uongo!" Kiboko akanguruma. "Uongo mtupu! Sisi tulikanyaga kwa ajili ya uji!"

Mji mzima ukamgeukia Pimbi. Naye akainamisha kichwa kidogo, kama afanyavyo Meya.

"Limepokelewa," akasema.

Kicheko kikaanzia kwa Kanga, kikashuka mpaka bondeni. Mnaujua ule mkuki, mtamu kwa nguruwe na mchungu kwa mwanadamu? Basi siku hiyo ulikuwa umegeuka.

"Karatasi hii ilikuwa tupu!" Tembo akafoka.

"Kuandikwa, imeandikwa, Mheshimiwa. Kanuni haisemi lini. Muulize Karani."

Korongo akakohoa. Akamtazama Tembo, akaitazama karatasi. "Kanuni haisemi," akakiri.

Nyati akakwaruza mwamba kwa kwato. "Nimpige pembe?"

Tembo alikuwa anautazama mguu wake mwenyewe, mwekundu bado kwa udongo. Kumbe ndivyo inavyokuwa, aliwaza, mtu kukanyaga jambo moja akasomewa lingine. Hakuipenda hali hiyo hata kidogo.

"Ukimpiga pembe mbele ya mji mzima," akasema hatimaye, "kesho nani atakanyaga karatasi yetu? Mama Pimbi, sema unachotaka."

"Kanuni ni moja, karatasi ni mbili. Ziishi zote au zife zote."

"Karani, kalete ile nyingine."

Korongo akaruka hadi ofisini, akarudi nayo. Tembo akazishika kwa mkonga. Chwaaa! ikachanika ya kwanza. Chwaaa! ya pili.

"Haya," akasema, naye akaketi chini pale mwambani, akawa sawa kwa urefu na wengine, au karibu sawa. "Barabara bado naitaka. Siwezi kushika pumzi maisha yangu yote. Nani ana la kusema?"

Kacha. Kacha. Kacha. Mzee Kobe alikuwa ametokea nyuma ya mwamba, anakuja mbele.

Kiboko akafungua kinywa. Tembo akanyoosha mkonga, akakifunga.

"Umeze huo mwayo, Diwani."

Wakangoja. Uji ukapoa. Kivuli kikahama kutoka mguu wa Nyati hadi mguu wa Korongo. Kobe akafika, akapumzika, akafungua kinywa.

"Waheshimiwa, mimi naona kwamba... kule chini, kando ya miamba... iko njia ya zamani. Ni pana. Babu zako, Mheshimiwa, walipita wanne kwa wanne. Nilikuwa mdogo, niliwaona. Imeota nyasi tu. Kuifyeka ni kazi ya siku tatu."

Tembo akainuka, akatazama kule chini kutoka juu ya miamba. Na kweli, kwa yule aliyejua pa kutazama, njia ilionekana, imenyooka kutoka ukumbini hadi mtoni, nyasi zake zikiwa ndefu kidogo kuliko nyinginezo.

"Mzee," akasema Tembo kwa sauti ndogo, "mbona hukusema siku ile?"

Kobe akafikiri.

"Nilikuwa nasema," akajibu.

Tembo akatazama chini. Pimbi naye akatazama chini, akijifanya anapanga kuni, kwa maana alikumbuka jioni ile kando ya mafiga. Alikuwa amekaa jirani na Kobe miaka yote hiyo, na yeye pia alimkatiza. Akachota uji uliobaki, kata ya mwisho, akampelekea Mzee Kobe, akaketi mbele yake mpaka alipoumaliza.

Njia ya chini ilifyekwa kwa siku tatu, kama alivyosema. Mafiga yakabaki pale yalipokuwa, na nasikia wajukuu wa Pimbi wanapika hapo mpaka leo. Nami niliyoyabeba nimeyatua. Ninyi wanangu bebeni hili moja: aulizaye bila kungoja jibu, hakuuliza.