Namba Aliyoiandika kwa Mkono Wake

Wapendwa, kulikuwa na kijana mmoja, kazi yake kutengeneza programu za simu. Aliwatengenezea mafundi cherehani programu ya kutunzia vipimo vya wateja: kifua, kiuno, urefu wa gauni. Toleo la kwanza likawa na kasoro, likachanganya kiuno cha huyu na cha yule. Mnacheka ninyi, bibi harusi hakucheka! Kijana akarekebisha, akatoa toleo la pili, akawatangazia mafundi wote wabadilishe.

Mama mmoja fundi akabadilisha asubuhi ile ile, kisha akampigia.

“Mwanangu, nimefanya ulivyosema, lakini hapa chini bado pameandikwa toleo la kwanza.”

“Basi jipya halijaingia, mama. Futa programu yote, uiweke upya.”

“Na vipimo vyangu? Si vimo humo humo? Nina sare za kwaya nzima, na wengine wameshasafiri.”

“Hilo la zamani litakuvurugia vyote, mama. Futa tu.”

Akafuta. Akaiweka upya. Chini pakaandikwa: toleo la kwanza.

Hapo kijana akafungua maandishi ya ndani, yale yanayoiendesha programu. Kumbe programu hujijua ni toleo gani, ukiiuliza, inakujibu. Yeye hakuwahi kuiuliza. Siku ya kwanza aliiandika namba ile ya toleo, inayoonekana pale chini, kwa mkono wake, akaisahau hapo. Ndani pamebadilika, nje pamebaki vile vile.

Akampigia yule mama. “Nisamehe, mama. Ilikuwa mpya tangu asubuhi.”

“Ilikuwa nzima,” mama akasema, “nawe ukaniambia niifute?”

Vipimo vimekwenda na maji.

Mnamsikitikia mama, na kijana mnamwona mzembe. Haya. Na sisi je? Ndugu yetu ameacha pombe, Mungu amemgeuza. Akipita tunanong'onezana, “Si yule mlevi?” Nani kati yetu amemuuliza? Namba ile tumeiandika sisi, miaka hiyo, kwa mkono wetu, na hatujarudi kuitazama. Tunamwambia hajabadilika, tunamwambia tena, mpaka siku anarudia chupa. Kisha tunasema, “Si tulisema!” Jamani! Tumemfuta mtu mzima.

Leo ndugu yetu huyo yupo hapa, ameketi benchi la mwisho, karibu na mlango, maana hakuna aliyemsogezea nafasi. Msigeuke kumtazama. Ibada ikiisha, nendeni mkamuulize habari zake, na mkae mpaka amalize kujibu.