Pini Mdomoni mwa Namkunda

Mdomo wenye pini hauitikii hodi. Hivyo ndivyo methali yenyewe inavyosemwa, wala si "mdomo yenye pini haiitiki hodi", kama nilivyomsikia mmoja wenu akiitamka jana mbele ya mgeni. Mdomo una ngeli yake, nayo hudai "wenye". Hodi nayo huitikiwa; kwa hiyo mdomo "hauitikii". Methali ikivunjwa sarufi, maana yake huanza kuchechemea.

Mmeniuliza ilikotoka. Swali ni jema, ingawa nashuku kwamba mnatafuta ngao. Mgeni anabisha, nyinyi mmeinamia simu, kisha mnasema mdomo una pini. Ketini vizuri, mnyooshe migongo. Nitawasimulia kama nilivyosimuliwa na Namkunda mwenyewe, fundi cherehani wa Muheza, aliyenishonea magauni ya kazini kwa miaka mingi.

Chanzo chake kilikuwa saa.

Namkunda aliolewa na Hiza, akakaa katika nyumba ya baba mkwe wake, Mzee Semboja, karibu na stesheni. Hiza alikuwa dereva wa lori la mizigo, akipita nyumbani siku moja na kuondoka siku tatu. Mzee mwenyewe alikuwa mjane. Kabla ya kustaafu alikuwa mkaguzi wa njia ya reli; kazi yake ilikuwa kutembea juu ya mataruma, maili baada ya maili, akitazama kama kuna nati iliyolegea. Kwa kazi hiyo alikuwa na saa ya mkono ya kutia ufunguo, yenye cheni ya chuma, na aliivaa siku zote za utu uzima wake. Jirani aliyetaka kujua saa hakutazama ukutani kwake. Alimtazama Mzee Semboja.

Kisha mzee akaugua homa ya mapafu. Hospitali walimtibu, akapona, daktari akamwambia aanze kutembea kidogo kidogo. Hakutembea. Alikonda mno, na siku alipoivaa saa yake iliteleza kutoka kifundo cha mkono hadi kiwikoni. Aliitazama kwa muda mrefu, akaivua, akampa Namkunda aiweke kabatini. Alisema kwamba mkono umekwisha na saa haina tena pa kukaa. Tangu siku hiyo hakutoka chumbani. Uji alipelekewa humo humo, na wazee wenzake waliokuja kumwona walijibiwa kwamba amelala. Majuma matano yakapita. Namkunda aliona wazi kwamba homa imeondoka, ila mzee ameamua kuifuata.

Ndipo alipokata shauri kuipunguza saa ile.

Sikilizeni neno hilo, kwa maana ndilo lililompotosha. Katika kazi ya cherehani, kupunguza ni shughuli ya kila siku. Mtu amekonda, gauni linamning'inia. Fundi humsimamisha, hubana vitambaa ubavuni kwa pini, kisha hushona. Namkunda alikuwa amepunguza magauni ya nusu ya wanawake wa Muheza. Alijiuliza cheni ya saa ina nini hata imshinde, hali nayo ni vipande tu vilivyoungwa, kama pingili za muwa. Fundi saa alikuwa Tanga mjini, na kumpelekea kungemlazimu kumwomba mzee ruhusa. Mzee angekataa. Yeye alitaka mzee aamke aikute saa mkononi mwake, imemkaa.

Basi, asubuhi moja, mzee alipokwisha kunywa uji na kusinzia, Namkunda aliitoa saa kabatini, akaketi nayo sebuleni mbele ya cherehani yake. Kwa ncha ya sindano nene alisukuma vijipini vya cheni, akatoa pingili ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Kazi ilikwenda vizuri, na hapo akajisifu kimoyomoyo. Kilichobaki kilikuwa kuirudisha kwenye saa yenyewe ncha ya cheni aliyokuwa ameichomoa. Hapo ndipo pana pini ya namna ya pekee: kijiti cha chuma kisichozidi urefu wa punje mbili za mchele, chenye springi ndani. Ukikibana, ncha zake huingia, ukikiachia, huruka. Saa ile ilikuwa ya kizamani, na fundi saa wa Tanga alikwisha kumwonya mzee, miaka iliyopita, kwamba pini za kipimo hicho hazitengenezwi tena. Ikipotea moja, saa italala kabatini daima.

Namkunda alihitaji mikono yote miwili: mmoja wa kushika saa, mwingine wa kuinyoosha cheni. Pini je, aiweke wapi? Hakufikiri hata kidogo. Fundi cherehani ana mikono miwili, na midomo yake ndiyo mkono wa tatu. Pini zote hukaa hapo. Alikibana kijiti kile midomoni, akainama.

Mlangoni ikasikika hodi.

Aliijua sauti hiyo. Alikuwa Bi Mwantumu, mdogo wake Mzee Semboja, shangazi yake Hiza, mwanamke aliyeshika adabu kama mwingine anavyoshika tasbihi. Alikuwa ametoka Pangani kuja kumjulia hali kaka yake. Nanyi mwajua kwamba hodi ni tatu. Ya tatu ikipita pasipo jibu, mgeni mwenye heshima zake hugeuka akaenda zake, na Bi Mwantumu angegeuka kweli, kisha habari ingefika Pangani kabla yake.

Hodi ya kwanza, Namkunda aliguna. Hodi ya pili, aliguna kwa nguvu zaidi. Hodi ya tatu ilipigwa polepole, kwa sauti ya mtu anayehesabu. Mdomo wa Namkunda ukafanya ulichofundishwa tangu utotoni.

"Karibu," alisema.

Pini ikaruka. Hakuona ilikokwenda, alisikia tu kimlio chembamba juu ya saruji, mara moja, basi. Na Bi Mwantumu alikuwa amekwisha kuinua mguu avuke kizingiti.

"Simama hapo hapo, Shangazi! Usikanyage."

Bi Mwantumu akabaki mguu mmoja ndani na mwingine nje, kikapu mkononi.

"Nimepiga hodi tatu," alisema, "mbili nikajibiwa kama ng'ombe ajibuvyo. Sasa nakaribishwa kama mwizi aliyekamatwa. Ndiyo adabu ya Muheza siku hizi?"

"Shikamoo, Shangazi. Nisamehe. Nimeangusha sindano."

"Marahaba. Na fundi cherehani hulilia sindano?"

Namkunda akajigusa shavu, akakuta machozi ambayo hakujua kwamba yanamtoka. Akasema kweli. Alisema kwamba kilichoanguka ni pini ya saa ya Baba, kwamba ameifungua saa pasipo ruhusa, kwamba pini nyingine ya namna ile haipo, na kwamba alitaka mzee apate sababu ya kunyanyuka kitandani, kumbe amemwondolea hata ile iliyokuwapo.

Bi Mwantumu aliweka kikapu nje, akavua viatu, akalikung'uta buibui lake pale pale mlangoni isije pini ikawa imenasa. Kisha akajifunga kanga kiunoni, akapiga magoti na umri wake wote.

Walifagia sebule nzima kwa ufagio wa chelewa, kona kwa kona. Taka za fundi cherehani mnazijua: nyuzi, vipande vya bitana, mavumbi ya chaki. Bi Mwantumu akaagiza ungo, akazipepeta kama mtu apepetavyo mchele, ili vyepesi viruke na chuma kibaki. Chuma kilibaki. Zilipatikana pini kumi na nne za kushonea, vifungo viwili, kulabu moja na jino la zipu. Pini ya saa haikuwamo. Wakapepeta mara ya pili. Haikuwamo.

Namkunda akanong'ona kwamba labda wamwambie mzee kuwa saa imepelekwa Tanga kusafishwa, kisha siku zipite.

"Uongo huo utauvalisha mkono gani?" Bi Mwantumu aliuliza.

"Nani anapepeta mchele sebuleni kwangu?"

Wote wawili waligeuka. Mzee Semboja alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake, ameshika mwimo kwa mkono mmoja na shuka kwa mkono mwingine. Alikuwa hajafika hapo kwa majuma matano. Ungo ndio uliomtoa. Mwanamume aliyezoea kusikiliza reli hawezi kusinzia na mlio asiouelewa.

Namkunda hakumwachia shangazi amsemee. Alipiga magoti, akaeleza mwenyewe tangu mwanzo. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, macho yake yakiwa juu ya saa iliyolala kwenye meza ya cherehani, cheni yake imening'inia upande mmoja.

"Umetoa pingili ngapi?" aliuliza.

"Tatu, Baba."

Aliichukua saa, akaizungusha cheni kwenye mkono wake uliokonda bila kuifunga. Ilimkaa. Akautazama mkono kama anayeonana na mtu aliyekwisha kumuaga.

"Fungeni madirisha," alisema. "Mlango pia. Mnanifagilia pini? Ufagio haukitafuti kitu kidogo, hukihamisha tu. Kitu kidogo hutafutwa kwa kivuli chake. Nipeni tochi."

Akataka ateremshwe sakafuni. Wanawake wakamshika kwapa huku na huku, wakamlaza kifudifudi kwenye saruji, shavu chini. Aliilaza tochi ubavu karibu na uso wake, mwanga ukatambaa juu ya sakafu kama maji yaliyomwagika. Sasa kila uzi uliosahauliwa na ufagio ulikuwa na kivuli kama kamba. Hivyo, aliwaambia, ndivyo alivyokuwa akitafuta nati ndogo ndani ya karakana, kabla treni ya asubuhi haijatoka. Akaanza kusogea kwa viwiko, shibiri kwa shibiri, naye Namkunda akitambaa nyuma yake.

Bi Mwantumu, aliyeambiwa asimame kando asitie kivuli chake, hakuweza kunyamaza. Akasema kwamba yote haya yametokana na hodi kutoitikiwa ipasavyo.

Mzee alijibu bila kuinua shavu. "Umekosea, Mwantumu. Yametokana na kuitikiwa. Mdomo wenye pini hauitikii hodi, na huyu mwanangu akaitikia kwa kukuogopa wewe. Ndiyo maana natambaa."

Bi Mwantumu akacheka, akijaribu kujizuia kwa ncha ya kanga. Mzee naye akacheka sakafuni mpaka kikohozi kikamshika, na wote wakangoja kipite. Namkunda peke yake hakucheka. Alikuwa ametazama chini ya pedali ya cherehani, mahali ambapo chelewa hazifiki. Palikuwa na kivuli kirefu kama njiti ya kiberiti, kilichosimama mahali pasipo na uzi.

"Baba," alisema. "Mulika pale."

Ilikuwa pale, imeegemea mguu wa chuma.

Mzee alikataa kurudishwa kitandani. Alitaka kiti, tena kiwekwe sebuleni, aione kazi. Namkunda akatandika kitambaa cheupe mezani, akaiweka pini ndani ya kisahani, akaifunga uzi mwembamba ili isiruke tena. Hapo hapo hodi ikapigwa. Alikuwa mteja, Idd ya kuchinja ilikuwa karibu, na siku hizo mlango wa fundi haupumziki. Namkunda akashtuka, akafumbua mdomo kwa mazoea.

Bi Mwantumu akamwinulia kiganja. Akachukua kigoda, akafungua mlango, akaketi kizingitini.

"Karibu, mwanangu," alimwambia mteja, "ila karibu yako ni hapa nje pamoja nami. Fundi ana kazi nyembamba mkononi. Mdomo wenye pini hauitikii hodi."

Akaja wa pili, akaja wa tatu. Bi Mwantumu aliwaitikia wote, akawauliza hali za kwao, akawagawia machungwa aliyomletea kaka yake. Yule aliyehesabu hodi za watu maisha yake yote alishinda mchana ule akizipokea kwa niaba ya mwingine. Ndani kulikuwa kimya, na katika kimya hicho pini ikaingia mahali pake.

Adhana ya alasiri ilipoanza, Mzee Semboja alikuwa akiitia saa yake ufunguo. Aliagiza kanzu. Alipita kizingitini kwa hatua fupi, mkono mmoja ukishika bega la dada yake, mwingine ukining'inia wazi kando ya mwili ili watu waone kwamba saa haitelezi. Wanawake waliokuwa wakingoja nje walimpisha. Mmoja akamuuliza saa ngapi, kama zamani, naye akamjibu.

Wateja wale ndio walioichukua methali ile wakaisambaza Muheza nzima. Sasa angalieni ni kina nani walioisema siku hiyo. Aliisema mzee, akimtetea mkwewe. Aliisema Bi Mwantumu, alipokuwa amekwisha kuinuka na kwenda mlangoni. Namkunda hakuisema hata mara moja, wala asingeweza, kwa kuwa mwenye pini mdomoni hana mdomo wa kuisemea. Anayejisemea methali hii mwenyewe ameshathibitisha kwamba mdomo wake ni mtupu.

Kwa hiyo, mkimwona mama yenu ameshika kazi isiyotaka mkono utikisike, na mtu akabisha, msimtazame yeye. Inukeni, mfungue mlango, mmkalishe mgeni kwa heshima, ndipo mmwambie, kwa sarufi yake kamili: Mdomo wenye pini hauitikii hodi.